Sikio la Ayikoru

Debe shinda haliachi kutika, walisema wahenga.
Hawakuwahi kupanda Korona yangu
(iliundwa kabla jina halijachafuka)
kutoka Arua mjini hadi Logiri,
debe limejaa pomoni, mke, mtoto, gunia la mihogo,
na bado linatika.

Kwara-kwara chini ya kioo cha mbele.
Ti-ti-ti mlango wa kushoto.
Na huko nyuma, kama mtu anatafuna karanga kavu
na hataki kumgawia mwenzake.
Miaka miwili dawa yangu ilikuwa redio:
barabara ikiharibika, naongeza sauti.

Fundi Sebbi alilizunguka gari mara moja,
akapiga tairi teke kama mnunuzi wa ng'ombe.
"Shokapu. Zote nne."
"Na kelele za ndani?"
"Hizo ni umri, mwalimu. Hata wewe magoti yanalia."

Basi Jumamosi nikatoka na bisibisi ya cherehani ya Candiru,
tyubu ya baiskeli iliyokwisha viraka,
kipande cha blanketi la shule,
na sponji ya vyombo, ambayo sikuiombea ruhusa.

Ayikoru, miaka tisa, akanitazama.
"Baba, wewe huwezi kusikia. Wewe unaendesha."
Akalala chali kiti cha nyuma, macho kafumba,
nami nikapita taratibu juu ya makunyanzi ya muramu,
mkono mmoja usukani, mwingine ukipapasa plastiki.
"Chini. Siyo hapo. Bonyeza.
Imenyamaza.
Achia.
Imerudi."

Karanga zilikuwa kichwa cha mkanda
kikigonga nguzo: tyubu, fundo moja, kwisha.
Mlango ulikuwa na klipu saba, nne zimekatika.
Usivute bamba kwa hasira;
plastiki ya zamani huvunjika kama biskuti.
Nilivuta kwa hasira.
Ilivunjika kama biskuti.
Tukaijaza sponji, tukaifunga, tukaigonga kwa kiganja,
ikajibu *dup*, kama mlango wa tajiri.

Ikabaki ile ya mbele.
Nikatoa droo, nikaingiza mkono hadi kiwiko
gizani, kama mkunga wa mbuzi,
nikavuta skrubu isiyo ya mahali popote,
kisha sarafu ya manjano yenye tundu katikati
na maandishi kama nyayo za kuku.

Tukaa kitako vumbini tukiitazama.
Kuna mtu Japani aliidondosha,
labda akitafuta ya kulipia daraja,
akaendesha miaka akisaga meno, akilaumu shokapu,
mwishowe akauza gari na kelele yake ndani.
Ikapanda meli ikichekacheka peke yake,
ikashuka Mombasa, ikagongewa muhuri Malaba,
na mimi nikalipa ushuru
wa mlio uliokwisha tumika.
Ayikoru akaitia uzi, akaivaa shingoni.
Akajitikisa. Haikulia.

Jumapili tukaenda Logiri.
Gari kimya kama mgeni anayesubiri chakula.
Redio nimeizima kwa majivuno.
Nikasikia kokoto zikiruka chini ya sakafu,
nikasikia mihogo ikijipanga ndani ya gunia.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Candiru.
"Siyo mimi. Ni gari."
"Ahaa."
Tukavuka daraja dogo. Tukapita kanisa.
"Sasa kwa kuwa tunasikilizana," akasema, akitazama mbele,
"ule mkopo wa ushirika,
umebaki kiasi gani?"

Mkono wangu ukaiendea redio wenyewe.
Nikaurudisha. Nikakohoa. Nikasogea kitini.

Nyuma yetu Ayikoru alikuwa amelala chali, macho kafumba,
sarafu imetulia kifuani.
"Baba, simama kidogo," akasema.
"Kuna kitu kingine kinagonga.
Mbele. Upande wa kulia."