Pengo

Jumapili, shambani nje ya Tregaron, manyunyu.
Magari yamegeuziana migongo, buti wazi,
maisha ya watu yamepangwa humo kwa bei:
birika, viatu vya mtoto, redio isiyotoa sauti.

Sitazami sahani. Naenda moja kwa moja penye kutu.
Tezo lisilo mpini. Patasi tano ndani ya soksi.
Randa ya mbao iliyolika tumbo upande mmoja
kama kisigino cha mtu achechemeaye.
Nazigonga kwa ukucha, naweka sikio.
Chuma kizuri hulia.

Ifan, mume wangu, husema banda letu ni wodi
ya vyuma ambavyo wenyewe walishazikwa.
Simbishii.

Mwaka juzi, kule Lampeter, nilitoa pauni tatu
kwa kisu cha vipini viwili, kile cha kuvutia kifuani.
Katikati ya makali kina pengo, dogo, la punje ya mchele.
Nilikisugua kinooni wiki nzima; pengo likakaa.
Basi kila nikivuta huacha juu ya mti
mstari mmoja mwembamba, uzi ulioinuka,
nami huufuta kwa tupa, nikisonya.

Mti wetu wa pinde huota viwanjani mwa makanisa,
kati ya makaburi: majani meusi,
tunda jekundu, mbegu ya sumu.
Kiini chake, rangi ya chungwa, huvumilia kubanwa;
ganda jeupe la juu huvumilia kuvutwa.
Mti mmoja, tabia mbili, wameoana humo humo.

Samaki mkunje angali mbichi, wasema.
Upinde haujaisikia methali hiyo.
Gogo hulala darini miaka minne
hadi lisahau maji,
ndipo lianze kufundishwa kupinda,
leo inchi, kesho inchi.
Ukilikimbiza litakujibu mara moja tu,
kwa mlio, na vipande viwili.
(Ninavyo. Naviwekea nyanya zisianguke.)

Leo, chini ya meza ya Eluned, nyuma ya kanda za kaseti,
kulikuwa na kitu kirefu ndani ya blanketi.
“Cha babu,” alisema. “Au kijiti tu, sijui. Pauni mbili.”
Upinde usiokwisha.
Bawa moja limeshachongwa, jembamba, limetulia;
la pili bado pembe nne, kama mguu wa kitanda.
Kidole gumba changu kikapita tumboni mwake
kikajikwaa.

Mstari mwembamba. Uzi ulioinuka.
Kando yake mwingine. Na mwingine.

Nililipa. Nikauliza jina la babu.
“Tudwal. Alikufa mwezi wa Machi, mwaka ule wa theluji,
chai yake pembeni, haijanywewa. Kwani vipi?”
Nikasema, basi tu.

Nyumbani sikuvua koti.
Nilikishusha kisu ukutani, nikauweka mstari penye pengo.
Ukaingia. Sikulazimika hata kusukuma.

“Uache hivyo hivyo,” Ifan alisema mlangoni,
“uutundike.” Akasimama kidogo, akaenda kuwalisha kuku.
Nikaubana mti kwenye jiliwa,
lile bawa la pembe nne likinielekea,
nikavuta.

Sasa ni usiku, maganda yamenifika vifundoni,
rangi ya chungwa, yananuka kama ndani ya kabati la bibi.
Nimeanzia pale mkono wake ulipoachia,
lakini ukiniuliza ni wapi hasa, siwezi kukuonyesha.
Mistari yake na yangu imefuatana
bila hata kuamkiana.

Upote nitausokota kesho.
Tupa ipo mezani.
Sijaigusa.