Kifungu cha Kumi na Moja

Halszka, weka kalamu chini kwanza.
Supu ingali moto, na hao watu
hawatakimbia na studio yao mgongoni.
Nipe hiyo karatasi. Miwani yangu iko wapi?

Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza
kwa sababu ulikuwa na jina langu,
Bogumiła Wrzosek, kila herufi na mkia wake,
na nikasoma wa mwisho
kwa sababu ulikuwa na pesa.
Zloti mia tisa, siku tatu,
chini ya kiwanda kilichokuwa cha nguo,
mabomba yakikoroma, nami nikikohoa.
Kati ya jina na pesa palikuwa na kurasa tisa.
Humo ndimo walimojenga.

"Ni maneno ya kawaida tu, mama,"
alisema kijana, akinisukumia kalamu kwa ncha ya kidole
kama anayerudisha chenji.
Kalamu nzito, nzuri.
Nikaisifu kalamu!

Miaka sita. Nikateleza kwenye barafu
mbele ya duka la vifungo, mkono ukavunjika mahali pawili.
Nikapiga simu kwa watu wa bima.
Akapokea nani? Mimi.
"Subira yako ni ya thamani kwetu," nikajiambia,
kwa ile sauti niliyokuwa nikimlazia mwanangu.
Nami, kwa adabu za kijinga, nikajibu: Asante.
Dakika arobaini nilijisubirisha.
Kisha nikajinyima:
"Dai lako halijatimiza masharti."

Sentensi hiyo sijapata kuitamka maishani.
Waliishona kwa mabaki yangu,
silabi ya hapa, pumzi ya pale,
na mshono hauonekani.

Kifungu cha kumi na moja, wino wa kijivu:
kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa,
daima, pasipo malipo mengine.
Daima, Halszka!
Hata kwenye ndoa waliniwekea kikomo: kifo.

Bi Teodozja Kempa, wakili, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
alinisikiliza nikilia mpaka nikamaliza.
"Machozi hayana tarehe," akasema. "Lete risiti."
Nikampelekea kopo la biskuti:
tiketi za tramu, ujumbe wao wa kunihimiza
nije siku ya pili ingawa nina homa,
na karatasi ya duka la dawa, sharubati ya kifua,
saa mbili na dakika kumi asubuhi.
Tukaisikiliza tena ile simu. Pale kwenye *masharti*,
ile r inakwaruza.
Siku ya pili hiyo!
Kikohozi changu ndiye shahidi pekee
ambaye hawakuwahi kumnunua.

Hatukudai mwezi na nyota zake.
Tulihesabu: simu ngapi, lifti ngapi, vituo vingapi,
na wenzangu hulipwa kiasi gani kwa kazi kama hiyo.
Wakajibu kwa zloti elfu kumi na mbili
na karatasi nyingine.

Safari hii niliisoma usiku tatu,
rula chini ya kila mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Ukurasa wa nne, katikati ya mambo ya anwani na posta,
walikuwa wamekilaza kijisentensi:
nisimwambie mtu, kamwe.
Nikakichora mstari kwa kalamu yangu mwenyewe,
ya dukani, yenye kuvuja,
nikaandika jina langu pembeni, nikawarudishia.

Ni mwezi wa tano huu.
Walitaka ninyamaze; walionyamaza ni wao.
Kama nitalipwa sijui, na sitakudanganya.
Mkono wenyewe bado unaniuma ikinyesha.

Haya, maliza supu. Tuanzie ukurasa wa pili,
ule usio na jina wala pesa.
Usome kwa sauti, polepole.
Ulimi ukikwama, tia alama hapo hapo,
tutauliza, na wakicheka tutauliza tena.

Hapana, usigeuke.
Huyo anayetangaza kituo nje ni mimi.