Haikurekebishwa

Nakili kwanza. Usiguse kitu kabla hujanakili.
Hilo nilifunzwa na Guliko, aliyepoteza harusi nzima
ndani ya diski iliyolia tik, tik, kisha ikanyamaza,
na bibi harusi akaja kulia mlangoni, hapa hapa Kutaisi,
ghorofa ya tatu, juu ya fundi viatu.
Basi nakala mbili. Ya tatu ikalale kwa dada yangu.

Malkhaz kaniletea mfuko wa nailoni:
simu iliyopasuka kioo, kadi ndogo kama ukucha.
"Ni baba," akasema, "mavuno ya zabibu,
mwaka wa mwisho alioweza kusimama.
Safisha tu."
Safisha tu! Kama vile ni sufuria.

Faili la kwanza limelala ubavu,
mzee anatembea ukutani kama mjusi.
Nikalizungusha, nikamrudishia sakafu yake.
La pili, midomo imetangulia, maneno yanajikokota nyuma:
simu ile haina kasi moja,
mara fremu thelathini, mara ishirini na sita,
inahema kama mtu apandaye kilima.
Nikailazimisha ishike mwendo mmoja,
nikatafuta mahali glasi mbili zilipogongana.
Kling. Hapo nikafunga fundo.
Mdomo na sauti vikapatana.

Na rangi! Taa ya ghala ni ya kijani,
nyuso zote kama za waliotapika safarini.
Natafuta kitu cheupe cha kweli:
si shati, shati ni la zamani,
si jibini, wala si meno ya mjomba.
Nikakuta chumvi, kisahani pembeni mwa meza.
Nikaiambia programu: weupe ndio huu.
Damu ikawarudia mashavuni.

Ukabaki mtikisiko.
Nimezoea mitikisiko. Wa mlevi huyumba,
wa mtoto hurukaruka, wa mpiga picha wa kulipwa
huja saa nne usiku, mkono ukichoka.
Huu ni mwembamba, wa haraka, haupumziki.
Nikabonyeza Tuliza. Asilimia tatu. Asilimia tisa.
Nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi, ghala lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini.
Mzee anainua pembe ya divai, anaunena udongo,
anawataja waliotangulia, mmoja mmoja, hana haraka,
kisha anakatisha,
anatazama katikati ya lenzi, anashusha sauti:
"Eteri, umechoka. Mpe mtoto ashike."
Na karibu kabisa na maikrofoni, pumzi,
kicheko kidogo: "Hapana. Nashika mwenyewe."

Nikampigia Malkhaz. Eteri ni nani?
Nikasikia injini ya gari ikizimwa.
"Mama. Hayumo kwenye picha hata moja.
Kila sherehe, kamera ilikuwa yake."
Akanyamaza. "Mikono ilianza mwaka ule.
Alikuwa akiificha chini ya aproni."

Nikarudi kwenye faili la asili, lile lisiloguswa,
nikalitazama upya, polepole.
Kumbe kona ya chini, kushoto, kuna kivuli cha waridi,
kinaingia, kinatoka: kidole gumba.
Mashine, ili itulize, ilikuwa imepunguza kingo,
na kumpunguza yeye pamoja nazo.
Siilaumu. Kwake tetemeko ni tetemeko.
Hata ile pumzi iliiweka upande wa kelele,
pamoja na feni na mbwa.

Nikafuta hatua. Moja nyuma, moja nyuma tena,
mpaka ghala likaanza kutetemeka.
Mbwa nikamwondoa. Feni nikaipunguza
kwa mkono, sekunde kwa sekunde, nikiizunguka pumzi
kama mtu anayefagia kando ya mtoto aliyelala.
Saa tisa usiku fundi viatu alikwisha lala zamani.

Asubuhi nikaandika bili.
Kuzungusha: lari kumi. Sauti: arobaini.
Rangi: thelathini, na chumvi ni bure.
Mstari wa mwisho, mtikisiko, nikauacha bila bei,
nikaandika mbele yake: haikurekebishwa.