Sifuri ya Mbele

Saa tatu usiku, Keko Machungwa.
Luku imebakiza uniti nne,
nami mweka hazina wa kikoba
napanga seli kama apangaye vyombo kabatini
baada ya wageni kuondoka.

Naandika namba ya simu ya Mama Sikudhani,
sifuri, saba, moja, tano…
nabonyeza, na sifuri imemezwa.
Mashine haioni kazi ya sifuri iliyotangulia.
Mimi naiona: mwenye namba
ndiye afikaye wa kwanza kila Jumamosi,
afagie, atandike jamvi,
kisha akakae nyuma kabisa, karibu na viatu.
Naiambia seli: hii si hesabu, ni maandishi.
Sifuri inarudi,
namba nzima inaegemea kushoto,
haijumlishwi, haigawanywi na mtu.

Nyumba ya Mzee Mkwizu, namba 7/12,
imegeuzwa tarehe saba Desemba.
Nacheka peke yangu,
mbwa wa jirani anaitikia.

950000.
Naitia mkato, inapata pumzi: 950,000.
Safu ikibana, fedha inajificha
nyuma ya uzio, #######,
kama baba mwenye nyumba kabisha hodi.
Nausogeza mpaka kidogo. Inatoka.

Madeni nilikuwa nimeyapa wekundu.
Sasa tazama mstari wa Tausi:
Machi nyekundu, Aprili nyekundu, Mei, Juni,
tangu maji ya Jangwani yaingie ndani
yakaondoka na friji ya juisi.
Na karatasi hii Jumamosi itabandikwa ukutani.
Narudisha weusi.
Nabakiza alama ya kutoa,
kijistari chembamba mbele ya tarakimu;
atakayekitafuta atakiona.
Deni ni lile lile, sijafuta hata senti.

Nafika mstari wa kumi na saba,
Chausiku.
Mpaka Julai kalipa, elfu ishirini ishirini.
Agosti tulimchangia sanda.
Niandike sifuri?
Sifuri ni mtu aliyekuja mikono mitupu,
akakaa, akaomba radhi, akanywa chai.
Nikiandika kistari, watauliza kistari cha nini.
Naacha wazi.
Nimejaribu: seli iliyo wazi
haishushi wastani wa wenzake.

Kufuta mstari sijaweza.
Nimeuchorea mpaka pande zote nne,
nikahifadhi,
na Luku ikaanza kulia.