Tangi la Shangazi Magrieta

Kikundi kidogo, ndivyo kampuni inavyojinadi.
Wageni sita, mimi wa saba,
na gari ambalo mlango wake wa nyuma haufungi
mpaka uukemee kwa vidoko vya Kidamara.
Tulitoka Khorixas jua likiwa bado na haya,
chupa arobaini na nane za maji kwenye sanduku la barafu.
Nilizihesabu mara mbili. Huku kwetu maji
huhesabiwa kama fedha za marehemu,
mbele ya mashahidi.

Bwana Ottmar alikuja na darubini
inayowashinda bei mbuzi wetu wote, na zizi lao.
Ha-eun, mwanafunzi wa miamba,
aliokota changarawe akailamba:
ndivyo jiwe linavyotaja jina lake, alisema.
Nikampenda kwa hilo. Hata sisi utotoni tulilamba mawe,
ila kwa sababu nyingine.

Nikawaonyesha ninayolipwa kuyaonyesha:
mmea wa majani mawili tu, maisha yake yote mawili,
yamechanika kama dekio la shule,
nao unaishi, kwa jasho la ukungu;
choroa katika joto linalotetemeka,
miguu imefutika, pembe zinaelea peke yake;
nyayo za simba za jana,
upepo ulishaanza kuzila kingo.

Na tembo?
Siku ya kwanza waliuliza kwa adabu.
Siku ya pili waliuliza kwa kutazama saa.

Siku ya tatu redio ikakohoa, sauti ya Gerson:
"Wako kwa shangazi yako."
Nilinyamaza kilomita nzima.
Kisha nikakata kona.

Walikuwa kumi na mmoja.
Ukuta wa tangi ulikuwa umelala kifudifudi mchangani,
na jike mkubwa, sikio lake pindo lililoraruka,
alikuwa amekanyaga bomba taratibu,
kama mtu anayezuia mlango mtoto apite.
Mtoto akanywa.
Kamera zikalia nyuma yangu kama panzi.

Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo nyasi.
Hapa hakuna aliyepigana na mtu.
Nyasi zenyewe hazipo. Huumia bomba.

Shangazi alisimama mlangoni pa nyumba ya mabati,
aproni imelowa hadi kiunoni,
akaniambia bila kunitazama:
"Waambie walipige picha na bomba."
Nikatafsiri. Kwa mara ya kwanza safari ile
sikutia chumvi.

Bwana Ottmar akashusha darubini.
Nani hulipa?
Fomu ipo, nikamjibu, ina kurasa nne.
Akangoja niendelee. Sikuwa na zaidi.

Tembo walipoondoka, bila haraka, bila kuaga,
Ha-eun alilifungua sanduku la barafu.
Zilibaki chupa ishirini na tatu.
Akazipanga zote juu ya kipande cha ukuta kilichosalia,
na hakuna aliyemuuliza.

Shangazi akazitazama kwa muda mrefu.
Akachukua sita, akamrudishia kila mmoja yake
kwa mikono miwili:
"Mgeni hatoki kwangu na koo kavu."
Nami nikanyoosha mkono.
Akaupiga kofi jepesi.
"Wewe si mgeni."

Kilomita tisini hadi kambini.
Ulimi wangu ulikuwa kipande cha ngozi ya kiatu.
Nyuma hakuna aliyezungumza; mlango tu,
ukifunguka, ukijifunga, ukifunguka.
Mahali fulani baada ya korongo la pili
chupa ilipitishwa mbele, kiti hadi kiti,
ikanifikia ikiwa nusu. Sikugeuka kuona ya nani.

Ripoti ya safari nimeijaza leo asubuhi.
Tembo: kumi na mmoja. Malalamiko: hakuna.
Saruji, mifuko miwili,
nimeiandika chini kabisa,
palipoandikwa matumizi mengineyo.