Kiasi na Asili

Saa kumi na moja jioni, mwezi wa Januari,
Middlesbrough imeshafumba macho.
Naingia darasa la tano na ndoo na ufagio,
mwanafunzi wa mwisho,
nisiyeitwa kwenye daftari la mahudhurio.

Hakuna anayeniambia muhula huu wanasoma nini.
Nausoma sakafuni.

Wiki ya kwanza niliokota nyuzi za sufu, buluu,
nikainua macho: Mto Tees unaning'inia darini,
kutoka chanzo chake juu ya kabati la makoti
hadi mdomoni pake, karibu na sinki.
Kijito kimoja kilikuwa kimebanduka.
Nilipanda kiti, jambo ambalo Maureen ametukataza,
nikakirudisha mtoni.

Wiki ya pili, pamba yenye majimaji na maharage.
Vikombe sita dirishani, kila kimoja na jina.
Haragwe la Zofia limetoa shingo, linachungulia barabara.
La Callum limeoza, linanuka kama soksi.
Na kikombe cha sita hakina jina la mtu.
Kimeandikwa: Bila maji.
Hili ni jaribio, na katika jaribio
lazima mmoja akose ili wenzake wajue.
Nilisimama pale na chupa yangu mkononi
muda mrefu kuliko ninaolipwa.

Leo ni sehemu.
Vipande vya karatasi chini ya kila meza:
nusu, robo, thumni.
Thumni! Kwetu ilikuwa sarafu ya kununulia andazi
kabla haijawa hesabu.
Mwalimu Shemdoe, Korogwe, alitupigia mstari ubaoni:
namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili.
Hamwezi kujumlisha, alisema, mpaka asili zilingane.
Tulikaa watatu dawati moja.
Theluthi niliijua kwa makalio
kabla sijaijua kwa chaki.

Ukutani wamebandika miduara ishirini na minane.
"Siku Yangu." Kila mmoja ameikata yake kama chapati.
Natafuta mwandiko ninaoujua,
ule unaoegemea kushoto kama mtu aliyechoka kusimama.
Huyu hapa. Mbwana, wangu.

Usingizi, kumi, zambarau.
Shule, sita, kijivu.
Kwa akina Zofia, nne, kahawia.
Kula na kuoga, mbili.
Mpira, moja, kijani kibichi kabisa.
Mama, moja.

Moja. Kiasi moja, asili ishirini na nne.
Kipande chembamba kama ukucha uliokatwa,
na ndani yake ametia rangi tano, zote alizonazo,
akakandamiza penseli mpaka karatasi ikang'aa
na mahali pamoja ikatoboka.
Bi Pickersgill ameandika pembeni:
Rangi moja tu kwa kila kipande, Mbwana.
Naye chini yake, kwa herufi za sisimizi:
Nilijaribu.

Nikarudia kuhesabu. Nilitaka kumkosoa.
Mbona hukuweka asubuhi,
zile dakika za kutafuta kiatu cha pili?
Mbona hukuweka Jumapili, nikikunyoa jikoni,
taulo shingoni, ukilalamika kwa lugha mbili?
Lakini swali liliuliza siku ya shule,
na jumla ni ishirini na nne.
Ana alama ya vema. Kubwa, nyekundu.

Nilifuta meza yake kama zote.
Labda mara moja zaidi. Chini ya ukingo wake
kuna bazoka iliyokauka, na siwezi kuapa si yake.

Maureen ananiita kutoka koridoni: zima taa, tufunge.
Nazima ya mbele. Nazima ya nyuma.
Dirishani, taa ya barabarani inaangukia vikombe sita,
na kile cha mwisho, haragwe kavu juu ya pamba kavu,
limetulia kama mtoto aliyeambiwa asubiri.

Nikafunga chupa yangu.
Nikaifungua tena.

Kesho darasa la tano watajifunza kitu
ambacho Bi Pickersgill hakukipanga.