Kofia ya Pili

Ulizaliwa siku jua lilipotuaga,
Novemba, dirisha la hospitali ya Hammerfest
likionyesha ukanda mwekundu, mwembamba kama uzi,
kisha giza. Nesi akasoma mizani:
kilo mbili na gramu mia tisa.
Nikakupokea kama mtu aliyekabidhiwa yai
na hana kikapu.

Bibi yako Biret alikuwa amefuma kofia.
Ilikufunika mpaka puani.
"Atakua," akasema, macho hayabanduki kwenye sindano,
akaanza nyingine.

Mimi naendesha gari la kusukuma theluji.
Siku nne barabarani, tatu nyumbani,
na kila nikirudi, Ravna, namkuta mtoto mwingine
kwenye kitanda kile kile.

Nilikuacha ngumi, nikakukuta vidole.
Nilikuacha unailia taa, nikakukuta unaifuata kwa macho,
polepole, kama asomaye barua ndefu.
Mashavu yaliingia bila hodi.
Shingo, iliyolegea kama ua lililonyeshewa,
ikaanza kubeba kichwa chake:
kwanza kitambo cha kupepesa jicho,
kisha muda wa mama yako kunywa chai ikiwa bado moto.

"Ameongeza gramu mia tatu wiki hii," Marja alisema,
macho yamemwiva kwa kukesha,
"na zote zimetoka kwangu."
Tukacheka.
Nusu yake haikuwa mzaha.

Njiani, theluji ikinijia kiooni, nilikuwa nikiwaza:
gizani hakuoti kitu.
Viazi vinasubiri. Nyasi zinasubiri.
Hata kulungu wa shemeji yangu wanakonda, wanasubiri.
Wewe tu uliongezeka usiku na mchana,
kama deni.

Kisha Januari, tarehe ishirini na moja,
jua likachungulia juu ya kilima, dakika chache tu,
na mji mzima ukatoka nje na vikombe vya kahawa.
Nikakuinua ulione.
Ukapepesa macho, ukapiga chafya,
ukaligeuzia jua kisogo
ukanitazama mimi,
ukatabasamu kwa fizi zako zote
kama mwenye duka aliyemwona mdeni wake.

Kofia ilikuwa imepanda hadi utosini.
Biret akaivua, akatoa ya pili mfukoni.
Ikaingia kwa shida.

"Kesho nina zamu," nikakunong'oneza.
"Usikue sana."

Hukuahidi kitu.